Kunguni Kumi na Wawili na Laptopu Moja

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililolegea mguu wa kushoto, mkabala na geti la hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Mwenye benchi ni Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hana subira na mtu asiyemaliza kikombe. Wa kwanza kukaa kila siku ni Semina, dereva mstaafu aliyewapeleka mabosi kwenye semina miaka thelathini, na kwa kuwa alikuwa akiwasubiri mlangoni, anaamini amezihudhuria zote. Pembeni yake huinamia viatu Wakili, fundi viatu, aliyeitwa mahakamani mara moja tu maishani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibiwa, na tangu siku hiyo hasemi jambo bila "kwa mujibu wa". Wa tatu ni kinyozi, kibanda chake kiko nyuma ya benchi. Jina lake hapa ni Makini, tulimpa siku alipomkata mteja ncha ya sikio. Wa nne ni mimi. Kazi yangu ni kuua kunguni. Kadi yangu imeandikwa "Mtaalamu wa Udhibiti wa Wadudu", lakini kijiweni naitwa Dokta wa Magodoro, na nimeshazoea.

Asubuhi hiyo nilifika na vitu vitatu: laptopu ya kuazima kwa shemeji yangu, chupa ya jemu iliyofunikwa kitambaa, na kiatu cha kulia kilichoachama mdomo. Kiatu nikampa Wakili. Chupa nikaiweka benchini, katikati yangu na Semina. Laptopu nikaipakata mwenyewe. Ilikuwa saa mbili na nusu, na saa nne nilitakiwa nisimame ukumbini, ng'ambo ya barabara, niongee na wanafunzi mia moja na ishirini.

— Leo tena? akauliza Semina.

— Leo tena.

— Ya ngapi hii?

— Ya tatu.

— Na ya mwisho, akasema Mama Birika, huku akinimiminia. — Matroni wao alipita hapa jana. Kasema ukishindwa leo, wanamleta yule mwenye gari lililochorwa mende.

Nikaipiga ile kahawa bila kuipuliza, ikaniunguza ulimi, nikajifanya ndivyo ninavyoipenda.

Niseme tatizo lenyewe, usije ukadhani dawa yangu ni maji. Si maji. Ila kunguni hamalizwi na dawa peke yake, anamalizwa na mwenye kitanda. Mwenye kitanda asipofua kila nguo kwa maji ya moto, asipotoa masanduku uvunguni, asipovuta kitanda kikaachana na ukuta, mimi pale nanyunyiza manukato tu. Hosteli ile nimepulizia mara mbili. Mara zote mbili niliwaita kwanza, nikawaeleza cha kufanya, na mara zote mbili hakuna aliyefanya, kwa sababu hakuna aliyesikia. Baada ya wiki tatu kunguni wanarudi wamenenepa na lawama zinakuja kwangu.

Na mle ndani, chumba cha kumi na tisa, analala binti yangu, mwaka wa pili. Likizo iliyopita alikuja nyumbani na mikono yenye mistari ya kuumwa, vidoa vitatuvitatu, akaificha kwa sweta kwenye joto lote lile. Mtoto wa muuaji wa kunguni analiwa na kunguni. Mimi kijiweni sikuwahi kulisema hilo. Wenzangu walikuwa wananisemea.

— Hebu tupitie kesi, akasema Wakili, akiwa ameingiza brashi ya gundi mdomoni mwa kiatu changu. — Mara ya kwanza, kwa mujibu wa maelezo yako, umeme ulikatika.

— Haukukatika. Nilikanyaga waya.

— Hukutuambia hivyo.

— Ndiyo nawaambia sasa. Nilikanyaga waya, projekta ikazima, nikatumia dakika ishirini kutafuta swichi kuu. Nilipoinuka ukumbi ulikuwa na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wanafagia.

— Na ya pili?

— Ya pili nilijiandaa. Slaidi arobaini na saba.

Semina akapiga mluzi.

— Bosi wangu mmoja alikuwa na sabini, akasema. — Siku hiyo walilala mpaka wapishi.

— Herufi zangu zilikuwa zinaingia mojamoja, zikizunguka. Shemeji ndiye aliyenifundisha. Neno "kunguni" peke yake lilichukua nusu dakika kukamilika.

— Na watu?

— Watu mia na ishirini, laptopu mia na ishirini, zote wazi. Nikadhani wanaandika ninayosema. Jamani, nilijiona mtu. Nikaongeza sauti. Nikazunguka nyuma kwenda kuwasha feni, ndipo nikaona. Huyu anaangalia mechi. Yule ananunua viatu. Mwingine anatazama picha zake mwenyewe, na anazipenda.

— Hakuna hata mmoja aliyekutazama?

— Alikuwepo mmoja. Kumbe analala macho wazi.

Mama Birika akacheka mpaka akamwaga kahawa.

— Lakini tusidanganyane, nikasema, — kuna wakati walinisikiliza. Slaidi ya ishirini na mbili. Laptopu ilikuwa imejiunganisha na simu yangu, sijui vipi, ujumbe wa mke wangu ukatokea ukutani, herufi kubwa kuliko zangu: "Mume wangu, dawa ya fangasi umeiacha mezani, utajikuna tena huko." Ukumbi wote uliinua macho. Nikajua hapo nimewapata. Halafu wakacheka mpaka matroni akatoka nje.

— Sasa hiyo nayo ni njia, akasema Makini.

— Mwisho nikauliza kama kuna swali. Mkono ukanyooshwa, mmoja tu. Nikafurahi. Akauliza paswadi ya waifai ya ukumbini ni ipi.

Walicheka, nami nikacheka, maana ukikaa kijiweni ukakataa kuchekwa utachekwa mara mbili. Lile ambalo sikuwaambia ni kwamba binti yangu alikaa safu ya pili siku hiyo, na hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya simu yake nikabaki kuona njia ya nywele tu. Jioni akanipigia. "Baba, nakuomba kitu. Ukija tena, usiwaambie mimi ni mwanao." Nikamjibu sawa, mama. Nikakata simu nikakaa kitandani na viatu vyangu. Iliniuma, na inaniuma bado.

— Mimi nitakwambia kosa lako, akaanza Semina. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi na alikitumia kuelekezea. — Kosa lako unasikika.

— Nasikika?

— Unasikika mno. Nimesimama milango ya semina miaka thelathini. Bosi aliyesikilizwa kuliko wote ni yule ambaye kipaza sauti chake kiliharibika. Watu walisogeza viti. Waliibana midomo. Mpaka leo hakuna anayejua alisema nini, lakini walimsikiliza. Wewe leo nenda kawanong'oneze.

— Watu mia na ishirini niwanong'oneze?

— Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Napinga, akasema Wakili. — Kwa mujibu wa taratibu, mtu hasikilizwi mpaka aape. Sasa hii kesi ya Dokta ni tofauti, wanaotakiwa kuapa ni wasikilizaji. Weka meza mlangoni. Anayeingia anaacha laptopu, anaacha simu, anaacha saa. Anainua mkono wa kulia, anaapa kwamba atasikia yote na hatasikia kingine ila hayo.

— Akikataa?

— Rumande.

— Rumande ipi, wewe, hosteli ina rumande?

— Si wamlaze kumi na tisa, akasema Mama Birika. — Huko ndiko wamejaa.

Akajisikia mwenyewe alichosema. Alinitazama, akanyanyua birika, akaniongezea kahawa bila mimi kuomba. Wakili akajitia anaikagua soli.

Makini ndiye aliyeokoa mazungumzo. Hakuwa na mteja, alisimama nyuma yetu akijipangusia vumbi begani.

— Nyote mnazunguka mbuyu, akasema. — Mteja wangu akikaa kitini anaacha simu. Nimemwambia aache? Sijamwambia. Ameapa? Hajaapa. Nimemnong'oneza? Naongea kuliko redio. Basi kwa nini ananisikiliza? Kwa sababu wembe uko hapa. Akajigusa koo. — Mtu humsikiliza aliyeshika kitu. Namweleza habari za binamu yangu na mashamba yake, na kila neno ananiitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

— Na sikio la yule bwana, nalo liliitikia? akauliza Wakili.

— Ile ilikuwa ajali. Na ilitokea kwa sababu mimi ndiye niliyetazama simu. Akili ni nywele, na mimi ndiye ninayezinyoa.

Hiyo methali haijawahi kuwa na maana hiyo, lakini hakuna aliyemrekebisha. Mimi kwanza nilikuwa nimekaa wima. Maana yale ya kushika kitu nilikuwa nimeshayafikia peke yangu, siku mbili kabla, na nilikuwa nasubiri mtu anifungulie njia niyaseme.

— Makini kasema kweli, nikatamka taratibu, nikitaka nionekane na hekima. — Leo naingia nimeshika kitu. Mnaiona hii chupa?

— Nilikuwa nangoja uikaribishe, akasema Semina, akausogeza mkate. — Jemu ya nini?

— Si jemu. Ni wao.

Wakainuka wote upande mmoja, benchi likainama kwa ule mguu uliolegea, chupa nikaidaka mimi.

— Wazima? akauliza Mama Birika.

— Wazima, na hawajala siku tisa. Kumi na wawili. Nimewahesabu jana, nimewahesabu tena leo mara mbili. Nimewatoa kwenye kochi la mteja. Kitambaa hiki kinawapa hewa, na huu mpira wa kufungia unabana shingo ya chupa, hatoki mtu. Sasa sikilizeni. Kuna kamera ndogo ya shemeji, naichomeka kwenye laptopu, naielekeza kwenye chupa. Ukutani anatokea kunguni mkubwa kuliko ng'ombe, anatembea, wakati huohuo. Nani atatazama mechi?

Hofu yao haikudumu. Dakika mbili hazijapita walishakuwa na mawazo bora kuliko yangu.

— Wapake rangi, akasema Makini. — Kila mmoja na namba mgongoni. Wanafunzi wachague wa kwao, wamshangilie.

— Wape vyeo, akasema Semina. — Yule mnene awe mkurugenzi. Watu hawaondoi macho kwa mkurugenzi, wanaogopa atawauliza kitu. Halafu mmoja mwachie meza ya mbele atembee. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Kila safu ikabidhiwe kunguni wake, akasema Wakili, — kwa kutia saini. Mwisho wa mada wamrudishe akiwa hai. Asiporudi, safu nzima inalala naye.

— Mnamtisha nani, akasema Mama Birika. — Hao ni wauguzi, wanaona damu kila siku. Mwambie afungue kinywa amweke mmoja ulimini.

— Nani, mimi?

— Si umesema hii ni ya mwisho?

Nikaona wananipotezea dira, na mimi nina laptopu. Nikasema ngojeni niwaonyeshe mpango wenyewe ulivyo. Nikaifungua magotini. Ikawaka, ikafikiri, ikaandika kwamba inajisasisha na nisiizime. Asilimia kumi na nne. Nikainama juu yake kuisubiri, na wakati naisubiri nikaendelea kueleza: kwamba herufi sasa haziingii zikizunguka, zinadondoka kutoka juu, kwamba slaidi nimezipunguza zimebaki thelathini na nane, kwamba ya tatu ina sauti ya mtu anayekoroma.

Nyuma ya bega langu nilisikia mambo. Hebu lete na mimi. Yule mdogo kafanana na mkwe wangu. Kitambaa hiki kinaniziba, sioni. Shika vizuri. Nilimsikia Wakili akisema anahitaji kitu cha kubana soli mpaka gundi ishike, na mtu akamwambia chukua hiki, na Wakili akasema ahsante, kinatosha kabisa. Yote hayo niliyasikia namna wanafunzi wanavyonisikia mimi.

— Mnaona? nikauliza, nikiwaonyesha asilimia thelathini.

— Tunaona, wakajibu.

Ilikuwa sauti ileile ya ukumbini, na sikuitambua.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee.

Alikuwa binti yangu, na sare yake nyeupe, simu mkononi. Alikuwa ametusalimu huku anaandika ujumbe, macho kwenye kioo, kidole gumba kinakwenda mbio.

— Marahaba, mama. Mbona huku?

— Matroni kanituma. Hakujua wewe ni baba yangu, kaniokota tu koridoni. Akaendelea kuandika. — Projekta imeungua balbu. Anauliza, unaweza kuongea hivyohivyo bila picha, au aahirishe?

— Akiahirisha?

— Akiahirisha atampigia yule wa gari la mende. Kashachukua namba yake.

Nikatazama laptopu. Asilimia thelathini na moja. Slaidi thelathini na nane, herufi za kudondoka, mtu wa kukoroma, kamera, vyote vimekufa na balbu moja. Nikajaribu kukumbuka ninachosema bila slaidi nikakuta sikumbuki hata neno la kwanza. Miaka kumi na sita naua kunguni, na bila ukuta wa kusomea nilikuwa sina la kusema. Nilitaka kumwambia aahirishe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

— Baba, akasema. Kidole gumba kilikuwa kimesimama. — Hawa uliniambia jana kwenye simu wako wangapi?

— Kumi na wawili.

Akaichuchumalia chupa benchini, akahesabu kwa ncha ya kalamu jinsi wanavyofundishwa kuhesabu vidonge.

— Mimi naona tisa.

— Hesabu vizuri, wanajificha.

— Tisa. Na chupa iko wazi. Akainua uso akatutazama mmoja mmoja, wazee wanne na mama mmoja, wote tumeshika vikombe. — Hao watatu wako wapi?

Kijiwe chetu kina majibu ya kila kitu. Tumewahi kueleza hapa kwa nini mwezi hauanguki. Safari hii Semina aliuweka mkate chini, polepole. Makini alinyanyua mguu mmoja, akaona hauna pa kwenda, akaurudisha.

— Kwa mujibu wa, akasema Wakili, akaishia hapo.

— Kitambaa kiko wapi? nikauliza.

— Kitambaa gani? akasema Mama Birika, akifuta kikombe. Kisha akakitazama alichokuwa anafutia. — Hiki? Nilikikuta benchini, nikajua changu.

Tukavitazama vikombe vyetu. Makini akamwaga chake.

— Na mpira wa kufungia?

Binti yangu alikuwa ameshauona. Ulikuwa umezungushwa mara tatu kwenye kiatu changu cha kulia, umeibana soli barabara.

— Kielelezo namba moja, nikamwambia Wakili.

— Nilipewa, akasema. — Na mpewa hana kosa.

— Nani kakupa?

— Wewe ulikuwa umetupa mgongo, Dokta, tungekuuliza vipi?

Hilo lilinichoma, na sikupata muda wa kuchomeka vizuri, kwa sababu waliniangukia wote pamoja. Wanaruka? Wanaingia masikioni? Nina mjukuu, nikimbeba? Nikiwapeleka nyumbani itakuwaje? Nikaisukuma laptopu pembeni, nikasimama na kiatu kimoja.

— Hawaruki, nikasema. — Hawana mabawa. Wanatembea, na wanatembea wakitafuta mshono. Vua kofia, Semina. Usiikung'ute, ipindue taratibu. Mkunjo wa suruali, Makini. Ukosi. Leo mtu asiende nyumbani akakaa kitandani, hata kidogo. Unavulia bafuni, nguo zinaingia kwenye maji ya moto, yanayotoka moshi, si ya vuguvugu. Ambayo haifuliki inapigwa pasi, kwenye mishono. Joto ndilo linalomuua. Sabuni anaichekea.

— Na nikimkosa mmoja? akauliza Semina. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

— Ukimkosa jike, kila siku anakuachia mayai, mawili, matatu, matano. Dawa yangu haivunji yai. Ndiyo maana narudi baada ya wiki mbili, na ndiyo maana sitaki mtu ahamishe godoro kwenda chumba cha rafiki akidhani amekimbia. Hujakimbia, umewapandisha gari. Kitanda kinavutwa, hakigusi ukuta. Uvunguni hakubaki kitu. Na mnafua siku moja, chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Ukifua wewe jirani asifue, umewatandikia wageni shuka safi.

— Hata kama chumba cha mtu hakina? Huyo alikuwa binti yangu.

— Hasa kama hakina. Huyo ndiye watakayemhamia kesho.

Simu yake ikaita mkononi. Aliizima bila kuiangalia, akaitia mfukoni.

Hapo ndipo nilipogundua. Watu watano walikuwa wananitazama mimi, machoni, na hakuna aliyepepesa. Wakili alikuwa anaandika kwa kalamu ya kuchorea soli kwenye kiganja: pasi, mishono, siku moja. Sikuwa nimepaza sauti wala kunong'ona. Nilifurahi, kwa nini nifiche. Nilifurahi nikiwa na mguu mmoja peku, nimepoteza kunguni watatu kwenye benchi la kahawa.

Wa kwanza tulimpata kwenye mkunjo wa kofia ya Semina. Makini alimtoa kwa ncha ya kitana bila kumgusa Semina hata unywele, akamrudisha chupani. Wa pili Mama Birika alimwona.

— Yule pale, kwenye herufi.

Alikuwa anapanda laptopu ya shemeji yangu bila haraka. Akapita juu ya kioo, asilimia thelathini na tano, akashuka kwenye vitufe, akachagua ufa mmoja, akaingia ndani.

— Kibaya chajitembeza, Mama Birika akamwambia Semina. — Si ulitaka?

Wa tatu hatukumpata. Tuligeuza benchi, tukapekua mkate, tukaipindua aproni ya Wakili mkunjo kwa mkunjo. Nikamkagua binti yangu kola na mikunjo, naye akanikagua mimi, mpaka kwenye soksi. Ilikuwa imebaki robo saa.

Kiatu nikakivaa na mpira wake. Binti yangu alipoona hakuna cha kufungia chupa, alichomoa kibanio cha nywele zake, nywele zikamwangukia mabegani, akakipokea kitambaa kwa Mama Birika akakibana nacho. Akakivuta mara mbili kuhakikisha.

— Twende, akasema.

— Na laptopu?

Wote tukaitazama. Hakuna aliyejitolea kuitunza. Mama Birika alisema benchini kwake haikai. Mwishowe Makini alileta mfuko wa plastiki, akaiingiza kwa vidole viwili, akafunga mafundo matatu, akautundika kwenye msumari nje ya kibanda chake, na nilijua hata mwizi akipita ataiacha. Shemeji nitamwambia nini, sijui.

Tukavuka barabara. Mkono wangu mmoja ulishika chupa, mwingine ulikuwa haujui pa kukaa, maana mara zote mbili ulikuwa na begi la laptopu. Nilirudia kichwani: mshono, maji ya moto, siku moja. Getini mlinzi alitoa daftari la wageni, akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mpira wa kiatuni. Aliniona mara mbili zilizopita, ila hakuna anayenikumbuka.

— Huyu ni nani? akamuuliza binti yangu.

Nilishafungua kinywa niseme mtaalamu wa wadudu, kama nilivyoahidi.

— Baba yangu, akasema.

Mlinzi akaandika. Kalamu ikasimama hewani, akaisogelea chupa.

— Na hawa?

— Hao wako kumi, akasema binti yangu. — Tukitoka, uwahesabu.